Homa ikimkuta mwenye baridi yabisi: la kufanya tangu siku ya kwanza hadi wiki ya tatu

Masika yakianza tu, maswali huwa ni yale yale. "Nimeshikwa na homa, methotreksati nimeze au niache?" "Mafua yamekwisha lakini vidole vimevimba upya, kwa nini?" "Mama tangu juzi hawezi kushika kata, nimpe diklofenaki?" Mimi ni muuguzi. Nimewahudumia wenye yabisi Unguja na Pemba, na linaloniuma zaidi ni kumpokea mgonjwa ambaye homa yake ilikuwa ya kupita, lakini vidonge alivyomeza kwa kubahatisha ndivyo vilivyomlaza. Nimeyapanga haya uyasome leo ukiwa mzima, na uyaweke mahali ambapo mtu wa nyumbani atayapata.

Nazungumzia baridi yabisi ile ambayo kinga ya mwili inashambulia viungo vyake yenyewe: vidole na vifundo vya mikono vinavimba pande zote mbili, na asubuhi mikono inakaza kwa zaidi ya nusu saa. Siyo magoti ya uzee, wala siyo jongo. Kama hujawahi kupimwa ukaambiwa unayo ipi, anza na hilo kwanza, maana dawa za ugonjwa mmoja hazifai kwa mwingine.

Nadharia ni fupi. Virusi vikiingia mwilini, kinga huamka kupambana navyo, na kwa mwenye yabisi kinga hiyo hiyo ndiyo inayowasha viungo. Kwa hiyo maumivu yanaweza kupanda wakati wa homa au wiki chache baada yake. Ukiacha dawa kwa sababu ya homa, ugonjwa nao unapata mwanya. Tena vipo virusi vinavyoshika viungo hata vya mtu asiye na yabisi. Chikungunya ndiyo inayojulikana zaidi, nayo ilitambuliwa mara ya kwanza kule Newala, kusini mwa bara, katika mlipuko wa 1952 hadi 1953.

Vya kuwa navyo kabla hujaugua

- Kipimajoto. Kugusa paji la uso kwa mkono hakutoshi.
- Daftari dogo. Ukurasa wa kwanza uwe na jina la kila dawa unayomeza, miligramu zake na siku zake. Methotreksati, ile dawa ya yabisi inayopunguza kinga, iandikie siku yake ya wiki kwa herufi kubwa: IJUMAA, au siku yoyote uliyopangiwa. Dawa hii humezwa mara moja kwa wiki. Wapo walioimeza kila siku kwa kukosea, ikawaharibia damu hadi wakafa.
- Picha za mikono yako kwenye simu, zilizopigwa siku ambayo ni mizuri: moja viganja vimekunjuliwa, moja umekunja ngumi. Siku ya homa utazilinganisha, na daktari asiyekujua ataona tofauti bila kukisia.
- Parasetamoli na pakiti kadhaa za ORS, ile chumvi ya kuchanganya na maji ya kurudisha maji mwilini.
- Namba ya simu ya kliniki yako.
- Dawa za yabisi za kukutosha wiki mbili zaidi. Hili nalisisitiza kwa watu wa Pemba na wa visiwa vidogo. Bahari ikichafuka au duka likiishiwa, usiwe umebakiwa na kidonge kimoja.

Hatua za kufuata

1. Pima homa kabla hujameza kitu. Andika saa na kiwango. Nyuzi 38 na kuendelea ni homa. Ukiwa unameza prednisoloni, usidanganyike na kipimo cha chini, kwa sababu dawa hiyo huificha homa. Mwenye prednisoloni anayetetemeka, aliyelegea na asiyetaka chakula ahesabiwe kuwa ana homa hata kipimajoto kikisoma 37.

2. Kagua viungo, kimoja kimoja. Kaa penye mwanga, mikono juu ya meza. Bonyeza kila kifundo cha kidole, kisha vifundo vya mikono, viwiko, magoti, vifundo vya miguu. Andika kipi kimevimba, kipi kina moto, kipi kinauma tu bila uvimbe. Tofauti hii ina maana kubwa. Homa ya virusi inaweza kuuma mwili mzima, misuli na mifupa, na viungo visivimbe. Yabisi ikiamka, kiungo huvimba na kuwa laini kama kina maji ndani, na asubuhi ndipo hukaza zaidi. Kipimo kingine ninachokipenda ni cha jikoni: jana uliweza kukamua tui kwa mkono mmoja, leo je? Jibu la hapo huwa la kweli zaidi kuliko "naumwa kidogo" au "naumwa sana".

3. Nenda ukapime, siku hiyo au kesho yake. Usikae nyumbani ukisema "ni yabisi yangu tu". Ukifika, sema maneno haya mwanzoni kabisa: "Nina baridi yabisi, natumia dawa za kupunguza kinga, nina homa." Omba kipimo cha malaria. Malaria imepungua sana Zanzibar lakini haijakwisha, na ukiwa umetoka Tanga au Dar es Salaam karibuni, liseme hilo pia. Omba na picha kamili ya damu, ili zionekane chembe nyeupe na chembe za kugandisha damu. Kama kituo kina kipimo cha haraka cha dengi, kifanyike ndani ya siku tano za mwanzo, maana baada ya hapo kipimo cha kuangalia kirusi chenyewe hupungua nguvu. Kama kituo cha shehia hakina vipimo hivi, uliza uende wapi. Kwa Pemba kuna hospitali za Chake Chake, Wete na ya Abdulla Mzee kule Mkoani. Kwa Unguja, Mnazi Mmoja ndiyo ya rufaa.

4. Kwa maumivu, parasetamoli peke yake mpaka ithibitike kuwa si dengi. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, na nitakaa hapa kidogo.

Mwenye yabisi amezoea diklofenaki au ibuprofeni. Zipo kabatini, zinamsaidia kila siku, na viungo vikiuma mkono unakwenda wenyewe. Lakini dengi hushusha chembe za kugandisha damu, na dawa hizi, pamoja na aspirini, huongeza hatari ya kutokwa damu. Kibaya zaidi, mgonjwa wa homa hupungukiwa maji, na diklofenaki kwa mtu aliyepungukiwa maji huumiza figo. Figo zikilegea, methotreksati iliyokwisha kuingia mwilini haitoki vizuri, inabaki ikiharibu. Jambo moja huvuta jingine namna hiyo.

Kwa mtu mzima, parasetamoli ni vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, na visizidi vinane kwa saa 24. Mwembamba sana, mzee, au mwenye shida ya ini aulize kipimo chake, kitakuwa kidogo zaidi. Angalia na dawa za mafua ulizonunua, kwani nyingi zina parasetamoli ndani yake, ukajikuta unameza mara mbili bila kujua.

Kama unameza aspirini ya moyo kila siku kwa amri ya daktari, usiiache kimya kimya. Muulize siku hiyo hiyo.

5. Dawa za yabisi: kila moja ina sheria yake. Hakuna jibu moja la "acha zote" wala "meza zote". Haya ndiyo ya kujua ukiwa unasubiri kuzungumza na kliniki yako:

*Methotreksati.* Kama siku yake imeangukia wakati una homa kali, unatapika, unaharisha au umepewa antibiotiki, iruke na uijulishe kliniki. Kuruka wiki moja au mbili hakuharibu matibabu. Vidonda mdomoni pamoja na homa kwa mtu wa methotreksati ni dalili ya kwenda hospitali leo hii, kwani huenda dawa imeshusha damu yako.

*Foliki asidi.* Endelea nayo kama kawaida.

*Prednisoloni.* Usiiache ghafla. Nairudia: usiiache. Mwili uliozoea dawa hii kwa zaidi ya wiki tatu hivi huacha kutengeneza ya kwake, na wakati wa ugonjwa huihitaji zaidi kuliko siku zote. Ukiikata, shinikizo la damu linaweza kuporomoka. Mara nyingi daktari huipandisha kidogo kwa siku za homa, lakini afanye yeye. Ukitapika kila unachomeza, nenda hospitali ukapewe kwa sindano.

*Haidroksiklorokwini.* Kwa kawaida huendelea. Kuitumia si kinga ya malaria wala ya virusi, kwa hiyo isikufanye usipime.

*Sulfasalazini na leflunomaidi.* Piga simu uulize. Leflunomaidi hukaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo kuiacha siku mbili hakubadilishi kitu haraka.

*Sindano za kisasa za yabisi,* kwa wachache wanaozipata: isichomwe sindano nyingine mpaka homa iishe na daktari akubali.

6. Kunywa. Dafu, uji mwepesi, maji, ORS. Mkojo ukiwa mweupe unatosha. Ukiwa wa rangi ya chai ongeza.

7. Viungo vipumzike lakini visilale moja kwa moja. Mara kadhaa kwa siku kunja na kunjua vidole taratibu, bila kulazimisha. Kiungo chenye moto kiwekewe kitambaa cha maji baridi kwa dakika kumi. Kilichokaza bila moto kinafaidika na maji ya vuguvugu asubuhi.

Mafuta ya karafuu yanaruhusiwa kupakwa juu ya ngozi nzima isiyo na kidonda, kwa wepesi, na yanaliwaza. Kuchua kwa nguvu hakuruhusiwi. Najua kila mtaa una mtu wake wa kuchua anayesifiwa, na huenda ni hodari kwa msuli uliokaza, lakini kiungo kilichovimba kikikandwa huzidi. Chuku na hijama ziahirishwe mpaka homa ijulikane ni ya nini: ngozi ikikatwa wakati chembe za kugandisha damu zimeshuka, damu haikatiki, na jeraha dogo kwa mtu mwenye kinga iliyopunguzwa ni mlango wa vijidudu.

8. Siku homa inaposhuka, usilegeze macho. Kwa dengi, hatari huja mara nyingi kati ya siku ya tatu na ya saba, pale pale homa inapotulia na watu wa nyumbani wanapoanza kushukuru. Tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo, fizi au pua kutoka damu, choo cheusi, kulegea kupita kiasi, mikono na miguu kuwa ya baridi: mojawapo likitokea, ni hospitali usiku huo huo. Msisubiri boti ya asubuhi. Hospitali ya karibu ndiyo ya kwanza.

9. Rudi kwenye dawa kwa mpango. Homa imekwisha, unakula, antibiotiki zimemalizika kama ulipewa, na kliniki imekubali: meza methotreksati katika siku yake ya kawaida inayofuata. Kipimo ni kile kile. Usifidie ulichoruka kwa kumeza mara mbili.

10. Andika kwa wiki tatu. Kila asubuhi mistari miwili tu: mikono ilikaza dakika ngapi, viungo vipi vimevimba. Yabisi ikiamka baada ya homa, daftari hili litaonyesha tarehe, na daktari atajua kama inapanda au inashuka yenyewe.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara

*Septrin pamoja na methotreksati.* Hili ni la hatari kuliko yote na ndilo jepesi kutokea, kwa sababu Septrin inajulikana na ni rahisi kuipata. Dawa hizi mbili zikikutana zinaweza kuzima uboho wa mifupa, damu ikaacha kutengenezwa. Mwambie kila muuzaji wa dawa unatumia methotreksati kabla hajafungua kabati. Na kumbuka kwamba antibiotiki haiui kirusi. Inatolewa pale tu bakteria anaposhukiwa.

*Sindano ya yabisi ya dukani.* Mtu anachomwa, kesho yake anatembea, anamsifu mchomaji. Aghalabu ndani yake ni steroidi, dawa za jamii moja na prednisoloni. Homa inafichika, sukari inapanda, na ugonjwa wenyewe uko pale pale. Unga na vidonge visivyo na jina vinavyouzwa kuwa ni mitishamba ya viungo navyo viangaliwe kwa jicho hilo hilo. Katika nchi mbalimbali vilipopimwa vimekutwa vimechanganywa na steroidi au dawa za maumivu.

*Kumwaga maji bila kusugua.* Mbu wa dengi na chikungunya huuma mchana, na huzaa kwenye maji yaliyotulia ya matumizi ya nyumbani: pipa, tangi lisilofunikwa, tairi, vifuu vya nazi nyuma ya jiko. Mayai yake hugandia ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na hustahimili ukavu kwa miezi. Ukimwaga tu, mvua ikijaza tena wanaanguliwa. Sugua kuta za chombo kila wiki, kisha ufunike. Mwenye yabisi asijitese kwa kazi hiyo, amwachie kijana wa nyumbani. Yeye mwenyewe akilala mchana, alale ndani ya chandarua.

Mambo yakienda kombo

Homa imekwisha wiki tatu, mikono bado imevimba. Huenda ni yabisi iliyoamka, huenda ni chikungunya inayochelewa kuondoka. Kwa wengine maumivu yake hukaa miezi. Kwa kuangalia tu hata daktari anaweza kutatizika, maana zote hushika vidole vya pande mbili na kukaza asubuhi. Kipimo cha damu cha kingamwili za chikungunya husaidia, na huwa cha maana zaidi baada ya siku tano hivi za ugonjwa. Nenda na daftari na picha zako. Usijipandishie prednisoloni mwenyewe ukisubiri.

Kiungo kimoja tu kimevimba, chekundu, cha moto, na nina homa. Goti moja likiwa baya kupita viungo vyote vingine, shuku usaha ndani ya kiungo. Wenye yabisi hupata tatizo hili zaidi ya watu wengine, na kiungo kinaweza kuharibika ndani ya siku chache. Ni hospitali leo, na maji ya kiungo yavutwe yapimwe.

Nimetoka malengelenge upande mmoja wa mwili, yanachoma. Huo ni mkanda wa jeshi, kirusi cha tetekuwanga kilichoamka baada ya miaka mingi. Dawa yake ya asiklovia hufanya kazi vizuri ikianza ndani ya saa 72. Mkanda ukitokea karibu na jicho, usingoje hata kesho.

Mafua na kikohozi, sina homa. Pumzika, kunywa, vaa barakoa ukiwa na wageni. Methotreksati kwa mafua mepesi kwa kawaida haina haja ya kurukwa. Ukianza kubanwa kifua au kuhema, nenda.

Ni Ramadhani. Mgonjwa amepewa ruhusa ya kula na kulipa baadaye, na homa pamoja na dawa hizi ni ugonjwa wa kweli. Ukishapona na kurudi kwenye funga, methotreksati humezwa vizuri tu baada ya futari, na unywe maji ya kutosha mpaka daku.

Nimegundua nina mimba. Methotreksati na leflunomaidi hazifai kwa mjamzito. Usimeze kidonge kingine, nenda kliniki siku hiyo, homa iwepo isiwepo.

Najiandaa na Hija au Umra. Misongamano ya kule huwapa wengi kikohozi na homa, kwa hiyo panga mapema, miezi miwili kabla ikiwezekana. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo na ya homa ya mafua ya sindano si chanjo hai, na wenye yabisi huruhusiwa. Kwa ile ya mafua daktari anaweza kukwambia uruke methotreksati wiki mbili baada ya kuchanja, ili mwili uipokee vizuri, ikiwa viungo vimetulia. Chanjo ya homa ya manjano ni tofauti: ni chanjo hai, na kwa mtu anayepunguziwa kinga inaweza kuleta madhara. Ukiambiwa uichome kwa safari yoyote, onyesha daftari la dawa kwanza, na kama haikufai uliza kuhusu cheti cha daktari cha kukuondolea sharti hilo. Dawa zako zibebe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku linaloshushwa chini ya ndege, pamoja na nakala ya ukurasa wa kwanza wa daftari, na kiongozi wa kundi lenu ajue siku yako ya methotreksati.